Udongo Mdomoni mwa Nesi

Nilimkuta Nesi anatafuna udongo. Nasema Nesi, si mtu mwingine, yule yule aliyewahi kumtemesha bibi harusi udongo mbele ya wapambaji, na ambaye enzi zake za kliniki alipekua pindo za kanga za wajawazito kuliko askari wa forodha pale mpakani Horohoro. Nilikuwa nimempelekea fungu lake la mboga ya mchunga. Nikabisha hodi, kimya, nikabisha tena, kimya, nikasukuma mlango kwa sababu kwake mchana hapafungwi. Alikuwa amekaa jikoni juu ya kigoda, amenipa mgongo, na ule mlio ulinifikia mlangoni, kru, kru, mlio ambao mwanamke yeyote wa Makorora aliyewahi kubeba mimba anaujua. Akageuka. Midomo ilikuwa na vumbi la kijivu.

"Weka mezani, Mama Zuhura," akasema, kisha akanikazia macho mpaka nikatoka.

Nilirudi gengeni kwangu. Ningemkuta na mume wa mtu ningecheka, tena ningewasimulia wenzangu wiki nzima. Hili halikuwa la kucheka. Ni yeye aliyetufundisha, sisi tuliozaa mikononi mwake, kwamba hamu ya udongo haitoki mdomoni, inatoka kwenye damu. Madini ya chuma yakipungua mwilini, mtu huanza kutamani vitu visivyo chakula: udongo, mchele mbichi, barafu. Na udongo wenyewe haumpi anachokitafuta, bali unamnyang'anya hata kile kidogo alichokula, unakishikilia tumboni kisiingie mwilini. Mjamzito jambo lake linaeleweka, kuna mtoto ndani anayechukua chake. Lakini kwa mwanamke aliyekwishaacha kuona siku zake, Nesi alikuwa na maneno mengine. "Msichana akila udongo nampa vidonge," alikuwa akituambia. "Ajuza akila udongo namtafutia gari. Huyo damu inamvuja mahali asipopaona."

Nesi mwenyewe sasa alikuwa ajuza. Alikwishastaafu zamani, magoti yamemwisha, nywele nyeupe chini ya kitambaa. Nilijua maana ya nilichokiona, naye alijua kwamba najua, na tangu siku ile hakukanyaga tena gengeni kwangu.

Sijui alizaliwa lini wala sikuwahi kumuuliza. Makorora ilimpokea akiwa tayari na gauni jeupe, Msambaa wa milimani, Mlutheri, katikati yetu Waislamu wa pwani tuliodhani ukali wake hauna sababu. Jina lake lipo kwenye vyeti vyake huko. Walikuja manesi wengine wakaitwa kwa majina yao au ya watoto wao, yeye alibaki Nesi hata baada ya gauni jeupe kugeuka kitambaa cha kufutia meza.

Salamu yake ilikuwa kidole gumba. Unamwamkia shikamoo, anaitika marahaba, na wakati huohuo gumba lake liko chini ya jicho lako, analivuta aone ndani pakoje. Pakiwa pekundu anakuachia uende. Pakiwa peupe umekwisha: jana ulikula nini, juzi je, vidonge umemeza, umemezea nini. Wala hakuchagua mahali. Kuna msiba mmoja mtaa wa pili, tumekaa mkekani tunalia, Nesi akapita kutoa pole. Mkono wa kulia ulishika mkono wa binti wa marehemu, wa kushoto ukavuta jicho lake. "Kesho uje uchukue dawa," akamwambia, na wanawake wote ukumbini wakaelewa kwamba binti ana mimba, habari ambayo hata mama mkwe wake alikuwa hajaipata. Watu walikasirika sana, nami nilikasirika pamoja nao. Mtu na msiba wake, ya mimba yangesubiri. Lakini binti yule alikutwa na damu kidogo mno, akatibiwa, akajifungua salama, na yule shangazi aliyemlaani Nesi kuliko wote ndiye aliyempelekea kuku.

Alipostaafu alihamishia kliniki yake gengeni kwangu. Hakuniomba, alikuja tu asubuhi moja na kigoda, akakaa pembeni ya tembele na mnavu kana kwamba tumeandikishana. Mteja akishalipa, ndipo Nesi anapoanza.

"Huo mchicha utauosha kabla ya kuukata au baada?"

"Baada, Nesi."

"Basi umenunua vitamini za kumwaga mtaroni."

Kisamvu aliruhusu kipikwe mpaka kuni zilalamike, kwa kuwa kibichi kina sumu yake. Mchicha alitaka uguswe na moto kidogo tu, na mboga iliyopoteza rangi yake alisema imekwishakufa, kilichobaki ni kuzika. Juu ya mboga ikamuliwe ndimu, au baada ya mboga liliwe embe au chungwa, maana chuma cha majani ni kizito kuingia mwilini, kinahitaji kitu chenye uchachu cha kukisindikiza. Na chai, hasa hiyo chai yetu ya rangi tunayoteremshia mbaazi asubuhi, aliichukia ikikaa sahani moja na chakula. Mbaazi zina chuma, alisema, na chai inakifungia mlango nje. Subiri saa nzima ipite ndipo unywe. Watu wa Tanga usiwaambie wasubiri chai.

"Nesi, unanifukuzia wateja," nilimwambia siku moja nimechoka naye.

"Nakufundishia wateja."

"Hawaji kufundishwa, wanakuja kununua."

"Basi uza sigara."

Nikanuna, naye akanuna, na kesho yake akaja na kigoda chake kama kawaida.

Alikuwa na utani wa kuumiza. Mama mmoja mtaani kwetu alikuwa akimnywesha binti yake mjamzito soda nyekundu iliyochanganywa na maziwa, kwa kuwa tunaamini hapa kwamba kinachofanana na damu kinaongeza damu. Binti amevimba miguu, anahema akivuka kizingiti, na mama anazidisha soda. Nesi alisikia, akaenda nyumbani kwao na kopo la rangi nyekundu ya kupaka milango, akaliweka mezani kati ya vikombe.

"Na hii mpe," akasema. "Ni nyekundu kuliko hiyo yako."

Yule mama alitukana mpaka sauti ikamkauka. Nesi alimsubiri amalize, kisha akamweleza cha kumpa: vidonge, dagaa, maharage, mayai. Mayai ndiyo yakaleta fujo ya pili, kwani mjamzito akila mayai mtoto atatoka kipara, hilo tumelikuta. Nesi akamgeukia baba mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa kimya na upara wake unang'aa, akamuuliza mama yake alikula mayai mangapi. Hata binti mgonjwa alicheka.

Mfungo ulipokaribia alijua ratiba yetu kuliko baadhi yetu. Hakugusa mambo ya imani. "Dini mwulizeni shehe, mimi niulizeni kidonge," alisema, na kwa wale waliong'ang'ania kufunga na matumbo yao aliwapangia wameze wakati wa daku kwa maji ya ukwaju. Mwaka mmoja alipita nyumba kwa nyumba baada ya futari kuona nani ameanza na chai. Mlutheri mzima anakagua futari za watu, na hakuna aliyethubutu kumfungia mlango.

Chumvi ndiyo iliyomkosanisha na watu wa Moa, kijiji cha pwani alikofanya kazi kabla ya kuja mjini. Kule milimani kwao alikuwa amewaona wanawake wenye rovu shingoni kubwa kama ngumi, na watoto waliozaliwa wazito wa kuelewa, kwa sababu ardhi ile haina madini joto. Tangu hapo alikuwa haamini chumvi isiyotoka kwenye pakiti yenye maandishi. Huku pwani watu hukausha yao, inauzwa kwa kopo, nafuu, tamu, na haina kitu. Nesi alikwenda harusini Moa, akamsogelea mpishi wa pilau, akamuuliza chumvi gani hiyo. Mpishi akamwonyesha. Nesi akafungua pochi, akatoa kichupa cha chumvi yake, akamwambia aipikie hiyo. Mpishi akakataa, nani angekubali. Wakamwambia wao wanakula samaki na samaki wana madini joto tele. Akakiri kwamba ni kweli wanayo, kisha akala ndizi mbivu tu mpaka harusi ikaisha, akawashukuru wenyeji kwa ukarimu wao. Watu wa Moa wanaisimulia mpaka leo, na kila mwaka inaongezwa kidogo.

Sasa msidhani alikuwa mtakatifu. Maini aliyowaamuru watu wale, yeye hakuweza kuyaweka mdomoni, harufu yake tu ilimtoa machozi. Alikuwa mkali kwa watu wanaojinunulia dawa dukani bila kupimwa, na yeye mwenyewe vidonge vyake vya maumivu ya magoti alivibugia kama njugu, asubuhi kabla hajala, mchana akikumbuka, miaka nenda miaka rudi. Ukimwambia kitu anakujibu kwamba yeye anajua dawa. Alikuwa na watoto wawili wa kiume, mmoja Dodoma, mwingine nje ya nchi, wanaompigia simu Jumapili baada ya ibada, naye kwenye simu alikuwa mzima siku zote. Nilimsikia mara nyingi, mzima, mzima kabisa, na huku anajishika kiuno.

Ndiyo maana niliogopa. Mtu aliyezoea kuwauliza wengine huwa hana wa kumuuliza yeye.

Siku zikapita kigoda hakijaja. Nikawa namwona kwa mbali. Alikuwa akitoka dukani na mkate, anatembea hatua chache, anasimama kwenye kona akijifanya anasoma simu, na mimi naona kifua kinavyopanda na kushuka. Hata kwa mbali viganja vyake vilionekana vimepauka kama vya mtu aliyefua kutwa. Kila nikisikia watu wanapaza sauti upande wa kwake, nilisimama.

"Nesi wako kasusa?" akaniuliza Bi Mwanahamisi. Huyu ni jirani yangu wa meza, Mdigo mwenye mdomo, anauza ubuyu, viungo na, ndiyo, udongo. Nesi aliiita meza ile kiwanda cha minyoo, na wawili hao salamu yao ilikuwa kurushiana maneno.

"Magoti," nikasema.

"Magoti hayamtoi mtu rangi. Miye n'na macho, Mama Zuhura."

Udongo wa Nesi haukutoka mezani kwake, alikwenda kuununua mbali ambako hawamjui, na nikiwaza bibi yule amejifunika mtandio wa kuazima akinong'oneza bei, nilisikia uchungu ambao siwezi kuueleza vizuri.

Nilikwenda kwake mara ya kwanza nikafukuzwa. Nilianza vibaya, nilianza na hospitali. "Umesomea udaktari lini?" akaniuliza. "Kwenye nyanya au kwenye vitunguu?" Nikatoka nimenuna, nikaapa sirudi, afe nao udongo wake. Nilifika kona, nikasimama, nikalia kwa hasira pale pale mbele ya duka la vocha.

Mara ya pili sikutaja hospitali. Nilikaa kitako sakafuni mbele ya kigoda chake, nikaanza kumuuliza maswali yake mwenyewe, kwa mpangilio wake uleule, kwani ndiyo pekee niliyoyajua.

"Nesi, jana umekula nini?"

Akanitazama kama ananipima. "Ugali, mchunga, dagaa."

"Juzi?"

"Mama Zuhura, usinichezee."

"Vidonge unameza?"

"Nameza." Akanyoosha kidole kwenye rafu, makopo ya vidonge vya kuongeza damu yamejipanga. "Nimeanza kabla ya mfungo wenu. Unadhani sijui ninachofanya? Niliona jicho langu kwenye kioo, nikaanza dawa, basi."

"Unamezea nini?"

"Maji ya ndimu."

"Choo kikoje?"

"Cheusi. Kitakuwaje sasa? Ndivyo vidonge vilivyo, nimewaambia maisha yangu yote, mkiona cheusi msiogope, ni chuma hicho..."

Hakumaliza. Kila mjamzito anayeanza vidonge hufika siku moja kliniki amejaa aibu na hofu kuhusu choo chake, na Nesi alikuwa amewatuliza wote kwa sentensi hiyo. Alikuwa amejituliza na yeye kwa sentensi hiyohiyo. Mimi sikuyajua hayo wakati ule, niliendelea tu kwa sababu swali lililofuata ndilo lililofuata.

"Na hamu ya udongo, imepungua?"

Akageuka kuyatazama makopo yake. Midomo ikawa inacheza bila sauti, na mimi nikaona uso unabadilika, ule ukali unamtoka taratibu na kuacha bibi mmoja mchovu.

"Ingekuwa imekwisha zamani," akasema. "Vidonge hivi vikiingia na kukaa, hamu inakwisha. Mimi vinaingia na vinatoka. Damu nayo ikivuja tumboni hutoka nyeusi. Nimepofuka, Mama Zuhura. Nimejipofusha kwa dawa."

"Basi twende."

"Nyinyi nilikuwa nawatisha kwa sababu dawa yenu ilikuwa mkononi mwangu," akasema. "Hii yangu sijui iko wapi. Nimewaona wa umri wangu wanaokwenda kupimwa tumbo. Najua wanaambiwa nini. Naogopa."

Kwa miaka yote sikuwahi kumsikia akilitamka neno lile. Nikamwambia hata mimi naogopa, avae viatu.

Hospitali ya mkoa walimchoma kidole, wakatazama, wakarudia kipimo, kisha mambo yakaenda mbio kiasi kwamba hakuna aliyetueleza. Damu yake ilikuwa nne. Mtu mzima anatakiwa awe na mara tatu ya hiyo. Daktari kijana, mpole, alimuuliza dawa anazotumia, na Nesi alipofika kwenye vidonge vya magoti aliinamisha kichwa kabla daktari hajasema kitu. Wakamlaza. Daktari akaniita pembeni akaniambia anataka kumwingiza kamera kupitia kooni aone tumboni kuna kidonda au kuna kitu kingine, na alivyosema kitu kingine nikajua anasema saratani. Lakini kamera haiwezi kuingia kwa mtu mwenye damu ile. Lazima aongezwe kwanza, tena haraka, na damu ya kundi lake iliyokuwepo haikutosha. Ndugu wapo?

Ndugu walikuwa Dodoma na nje ya nchi. Nilimpigia simu Bi Mwanahamisi nikiwa nimesimama kwenye korido, nikamwambia kila kitu, na udongo nikamwambia.

"Nakuja," akasema.

Hakuja peke yake. Sijui aliwaambia nini pale sokoni, ila kabla ya adhuhuri wanawake wa Makorora walikuwa wamejaa kwenye benchi la kutolea damu, kanga na mitandio na vikapu vya sokoni, wengine na watoto mgongoni. Alikuwepo yule binti wa msibani, sasa mama wa watoto wakubwa. Alikuwepo hata mama wa soda nyekundu. Wapo waliokuja kwa mapenzi na wapo waliokuja ili isisemwe kwamba hawakuja, yote damu.

Kabla ya kutoa wanakuchoma kidole, tone linadondoshwa kwenye kichupa cha maji ya bluu. Likizama, damu yako inatosha, unaingia ndani. Likielea, unaambiwa asante, rudi nyumbani ukale vizuri. Nilikaa nikitazama matone ya wenzangu. La mama wa soda likazama. La binti wa msibani likaelea kidogo, likafikiria, likazama. Bi Mwanahamisi akanyoosha kidole chake kinene huku akimwangalia muuguzi kwa dharau, na tone lake likaenda chini moja kwa moja kama jiwe.

"Na biashara yako ile, bibi, wewe huonji?" muuguzi akamuuliza, maana walikwishaanza kutaniana.

"Miye udongo nauza, sili."

Watu wakacheka. Ikafika zamu yangu. Tone langu lilidondoka kwenye yale maji ya bluu, likatanda juu, likakaa. Muuguzi akasubiri. Mimi nikawa naliombea kimoyomoyo, zama, zama mwanaharamu wee. Halikuzama. Akanigusa bega, akasema asante mama. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, mimi niliyemleta, mimi pekee ambaye sikuwa na cha kumpa.

Alipewa damu mchana ule, akapewa tena kesho yake, na siku ya tatu wakamwingiza kamera. Nilingoja nje ya mlango ule nimeshika viatu vyake. Daktari alipotoka alikuwa anavua glavu, na sikuweza kumsoma uso mpaka alipozungumza. Kidonda. Kidonda tumboni kilichochimbwa na vidonge vya magoti, kilikuwa kinavuja kidogo kidogo kwa miezi. Hicho kingine hakipo. Dawa ipo, magoti atatafutiwa namna nyingine, vidonge vya kuongeza damu aendelee, safari hii vitakaa. Nikamshika daktari wa watu mikono yote miwili, nikamwombea dua ndefu mpaka akaona haya.

Jioni ile saa ya kuona wagonjwa wanawake walimzunguka kitandani. Alikuwa amekaa, ameegemea mto, midomo imeanza kurudi rangi. Bi Mwanahamisi akamwambia ajiandae, damu aliyopewa ni ya Kidigo, ataamka kesho Kisambaa kimemtoka chote.

"Na minyoo yako umenipa?" Nesi akamuuliza.

"Nimekupa yote, sikubakisha."

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Walipoanza kuaga, Nesi alimshika kila mmoja mkono, akaugeuza, akapapasa plasta ndogo pale kwenye kiwiko kwa ndani, akasema asante. Sauti yake haikuwa ile tuliyoizoea. Mimi nilijipanga mwisho. Nilikuwa nimevuta mikono ya dera mpaka vidoleni.

Wenzangu walipotoka akaniita nikae ukingoni mwa kitanda. Akakunja mkono wa kulia wa dera, hakuona plasta. Akakunja wa kushoto.

"Ilielea," nikasema. "Nilijaribu, Nesi. Ilielea."

Nilitegemea mahubiri, na ningeyapokea kwa furaha. Hakunihubiria. Alinitazama usoni kwa muda, macho yangu, midomo, shingo, kana kwamba ndiyo kwanza tunatambulishwa.

"Jioni huwa unakula nini, Mama Zuhura?"

"Ugali."

"Na mboga?"

"Na itakayobaki gengeni."

"Huwa inabaki?"

Nikataka kusema ndiyo. Mboga zangu nzuri, wateja nimefundishiwa, fungu la mwisho huondoka kabla ya magharibi, na kinachobaki ni hela ya ada ya shule ya mwanangu Zuhura.

"Haibaki," nikasema.

Akauachia mkono wangu, akajifunika uso kwa shuka la hospitali, na mabega yakaanza kumtikisika. Nikamwambia asilie, mpira wa dripu utachomoka, mimi nitapona, kwani mimi wa kwanza. Akatikisa kichwa chini ya shuka.

"Kila siku nilikaa pale pembeni yako," akasema. "Kila siku ya Mungu. Nilikuwa natazama mboga."